Ficheni kwa Werevu, Msifiche kwa Urefu

Mpenzi msomaji, wiki hii sitakuandikia kuhusu malaria, wala kisukari, wala shinikizo la damu. Nitakuandikia kuhusu mchezo. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba daktari ameishiwa na ya kusema. Baada ya miaka mingi ya kutibu watu katika kliniki yangu ndogo karibu na Nyayo Highrise, nimeamini kwamba yako maradhi ambayo dawa yake haiuzwi dukani. Mojawapo ni maradhi ya kukaa ndani.

Nianze na kisa kimoja. Wazazi wa mtoto ninayemzungumzia wameniruhusu kukisimulia, nami nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Likizo ya Agosti ilikuwa ikielekea ukingoni. Baba mmoja aliingia kliniki akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka 11. Wanaishi orofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti. Mtoto huyo alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga sawasawa alipokuwa tumboni mwa mamake. Miguu yake haina nguvu wala hisia, na anatumia kiti cha magurudumu. Siku hiyo alikuwa na homa, mkojo wenye harufu kali, na kidonda makalioni kilichokuwa kimeanza kuchimbika.

Nilipokuwa nikimsafisha kidonda nilimwuliza, kama tunavyowauliza watoto ili wasahau maumivu, likizo aliitumiaje.

"Nilikuwa nyumbani, daktari," akajibu. "Isipokuwa siku ile ya kusaka mikebe. Siku hiyo nilishika masweta."

Siku hiyo niliifahamu vizuri sana. Mimi ndiye niliyeificha mikebe.

Vijana wa mtaa walikuwa wameniomba niwasaidie kuwaandalia watoto burudani ya mchana mmoja, nami nikakumbuka mchezo niliowahi kuusoma. Unaficha mkebe wenye muhuri mdogo na daftari ndani yake. Msakaji anapewa fumbo la kumwongoza. Akiupata mkebe, anapiga muhuri katika daftari lake, anaandika jina katika daftari la mkebe, kisha anaurudisha pale pale ili mwenzake naye autafute. Nilificha mikebe minane. Mmoja niliuweka kwenye panda ya mti, mwingine nyuma ya tangi la maji juu ya ngazi, na mwingine ng'ambo ya mtaro unaovukwa kwa ubao. Nilijisifu moyoni kwamba nimeficha kweli kweli.

Hakuna aliyemfukuza mtoto yule. Hakuna aliyemcheka. Alifika langoni, wenzake wakamvulia masweta yao, akayashika mapajani kwa saa mbili huku akiwasikia wakipiga kelele za furaha nyuma ya majengo. Jioni tulimshukuru kwa kazi nzuri. Tuliamini kwamba tumemshirikisha.

Msomaji, hilo ndilo linalonisukuma kuandika leo. Watoto wetu wenye ulemavu hawaachwi nje ya michezo kwa chuki. Wanaachwa na watu wema, tena wasomi kama mimi, ambao hawakufikiria.

Mchezo wenyewe si wa juzi. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1854 huko Uingereza, mwongoza wageni mmoja aitwaye James Perrott aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, katikati ya nyika ya Dartmoor, ili waliofaulu kufika waache kadi zao humo. Tangu hapo watu wakazoea kuficha visanduku nyikani na kuvisaka. Mwaka wa 2000 ulizuka mchezo wa ndugu yake huko Marekani, ambapo msakaji huongozwa na setilaiti kupitia kifaa cha mkononi, na leo unachezwa duniani kote.

Lakini hata kabla ya hayo yote, nani kati yetu hakucheza brikicho utotoni? Nani hakujificha nyuma ya tangi huku moyo ukimdunda? Maskauti wanaopiga kambi pale Rowallan, jirani na Kibera, hufundishwa kufuata alama njiani. Kutafuta kilichofichwa ni furaha ya binadamu yeyote. Hakuna mtaalamu aliyewahi kuniambia kwamba furaha hiyo hukaa miguuni.

Sasa tuingie katika afya, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu.

Mwaka wa 2020, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kuhusu mazoezi ya mwili, na kwa mara ya kwanza likawataja waziwazi watu wanaoishi na ulemavu. Mtoto wa miaka 5 hadi 17, awe na ulemavu au asiwe nao, anahitaji kwa wastani dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Anayetumia kiti cha magurudumu akijisukuma kwa mikono yake, hayo ni mazoezi kamili: moyo unapiga, mapafu yanafanya kazi, mabega yanapata nguvu.

Asipofanya hivyo, mnajua yanayofuata. Uzito unazidi. Choo kinakuwa kigumu. Mifupa isiyotumika inadhoofika. Ngozi inayokaliwa saa nzima bila kuinuliwa inakosa damu, inaoza, na mwenyewe hana habari kwa kuwa hahisi. Na juu ya yote, roho inasinyaa. Nimewaona vijana waliokuja kwangu kwa maumivu ya tumbo yasiyoonekana kwenye kipimo chochote, kumbe kinachowauma ni upweke.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ukimwuliza mtu anayetumia kiti cha magurudumu kwa nini hanywi maji anapotoka nyumbani, mara nyingi atakuambia anaogopa kukosa choo anachoweza kuingia. Hivyo anajinyima maji tangu asubuhi. Mkojo unakuwa mzito, vijidudu vinapata nafasi, na wiki moja baadaye anakuja kwangu na homa. Mtoto niliyewasimulia, siku ya masweta hakunywa hata tone. Sisemi kwamba siku moja ndiyo iliyomtia ugonjwa. Nasema kwamba siku zake zote za kutoka nje zilikuwa za namna hiyo.

Je, ni wangapi hawa? Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2 ya watu wa umri wa miaka 5 na zaidi, na shida ya kutembea ndiyo iliyotajwa zaidi. Ongeza hapo nyanya mwenye magoti mabovu, mjomba aliyepatwa na kiharusi, mama mjamzito wa miezi minane. Ukificha mkebe mahali ambapo kiti cha magurudumu kinafika, umewafikiria wote hao kwa mpigo mmoja.

Sheria tunazo. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pa umma, kutumia usafiri na kupata habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008 unataja hata burudani na michezo katika kifungu chake cha 30. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 imefuatwa na mpya ya mwaka wa 2025. Lakini hakuna sheria itakayokuja kuangalia umeficha wapi mkebe wako. Hilo ni lako na langu.

Basi tufanyeje? Nimejifunza kwa kukosea, na sasa nakupa orodha yangu ili usikosee kama mimi.

Kwanza, kimo. Ficha kati ya sentimita 40 na 120 kutoka ardhini. Hapo mtu aliyeketi anaweza kunyoosha mkono bila kuanguka. Kimo hicho kina maficho tele: nyuma ya nguzo ya lango, chini ya benchi, ndani ya chungu cha maua, katikati ya ua wa michongoma uliokatwa vizuri. Usiuingize mkono wa mtoto kwenye shimo refu au kwenye miiba. Asiyekuwa na hisia vidoleni atakatwa asijue.

Pili, njia. Kiti cha magurudumu kinahitaji upana wa sentimita 90 kupita, na nafasi ya sentimita 150 kugeuka. Kama kuna mteremko, usizidi sentimita 1 ya kupanda kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Matope, mchanga mwingi na changarawe ni ukuta kwa magurudumu. Na usipime kwa macho. Siku moja kabla ya mchezo, omba kiti, ukikalie, ujisukume mwenyewe njia nzima. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, niliishia kwenye mtaro wa kwanza, mbele ya mama muuza mboga aliyecheka mpaka akatoa machozi. Lilikuwa somo ambalo chuo cha udaktari hakikunipa.

Tatu, mkebe wenyewe. Uwe unaofunguka kwa mkono mmoja. Muhuri uwe na mpini mnene, na kalamu iwe nene pia, kwa ajili ya mikono inayotetemeka au isiyoshika vizuri. Wenzetu wa ng'ambo hukinga daftari kwa mfuko wa plastiki, lakini hapa kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja hazikubaliwi katika misitu na mbuga za hifadhi. Mkebe wa bati wenye kifuniko kizuri unatosha.

Nne, fumbo. Mtoto asiyeona apewe fumbo la kusikiliza au la breli, na mkebe wake uwe karibu na kitu cha kupapasa, kunusa au kusikia: bomba linalodondoka, mkaratusi, ukuta wa mawe makavu. Mtoto kiziwi asipewe maelekezo kwa kipaza sauti peke yake. Tafuta anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya, au andika kila kitu. Anayejifunza polepole apewe picha badala ya maneno. Mwenye ualbino apewe maandishi makubwa, kofia na mafuta ya kukinga jua, na mchezo ufanywe asubuhi au jioni, si saa sita. Mwenye kifafa asitumwe peke yake penye maji au mahali pa juu.

Tano, mwili. Kila baada ya nusu saa hivi, anayeketi kwenye kiti ainuliwe au ajiinue kidogo ili damu ipite makalioni. Mzazi amkague ngozi jioni, na akiona wekundu usiotoweka, asingoje kesho kutwa. Anayetumia mpira wa kutoa mkojo apewe muda na faragha ya kufanya hivyo kwa saa zake alizopangiwa na daktari. Hakikisheni kipo choo kinachoingilika, kisha mwambieni anywe maji. Na jambo moja ambalo hata waalimu hawalijui: watoto wengi wenye mgongo wazi hudhurika na mpira wa asili, ule unaotengenezea baluni na glovu. Huweza kuwawasha, kuwavimbisha, hata kuwakata pumzi. Siku ya michezo yenu, baluni ziacheni dukani.

Sita, na pengine ndilo kubwa kuliko yote: semeni ukweli mapema. Wale wa mchezo wa setilaiti wana desturi nzuri. Kila kilichofichwa hupewa alama ya ugumu wa njia kutoka 1 hadi 5, na 1 maana yake ni kwamba kiti cha magurudumu kinafika. Nanyi andikeni kwenye karatasi ya mafumbo: njia ni ya lami au udongo, ngazi ni ngapi, mwendo ni wa mita ngapi, choo kiko wapi. Mtu mwenye ulemavu hahitaji kufanyiwa kila uamuzi. Mpe habari sahihi, naye ataamua mwenyewe kama anaweza kujaribu.

Tahadhari moja ya kwetu. Katika mji uliopitia mlipuko wa Agosti 7, 1998 na shambulizi la Westgate mwaka wa 2013, kisanduku kisichojulikana kinatisha, na hofu hiyo ni ya haki. Mwambie mlinzi wa lango na msimamizi wa jengo. Andika juu ya mkebe kwamba ni mchezo, na nambari ya simu ya mwandalizi. Mchezo ukiisha, kusanya mikebe yote.

Najua kuna watakaonipinga, na wengine wamekwisha kunipinga ana kwa ana.

Kuna wanaosema, "Daktari, ukiurahisisha mchezo utawachosha watoto wengine." Nawajibu kwamba wamechanganya mambo mawili. Ugumu wa mchezo huu uko kwenye fumbo, si kwenye kupanda. Mkebe ulio juu ya mti hauhitaji akili, unahitaji nyani. Mkebe uliofichwa chini ya benchi ambalo watu 100 wamelikalia bila kuuona, huo ndio ufundi. Ficheni kwa werevu, msifiche kwa urefu.

Wengine husema, "Basi tumwekee mkebe wake mmoja karibu na lango." La, hasha. Huo ni mkebe wa huruma, na watoto wanaijua huruma kwa harufu. Kama njia ina mikebe minane, awe na njia ya kuanza na kumaliza kama wenzake, ashindane nao, na ashindwe nao pia. Simaanishi kwamba kila mkebe duniani lazima ufikiwe na kila mtu. Wanaopenda kupanda Ngong waendelee kupanda. Nasema mchezo unaoitwa wa watoto wote wa mtaa, uwe wa watoto wote wa mtaa.

Na wako wanaosema, "Lakini wenyewe hawaji." Ndugu yangu, watakujaje? Wako orofa ya tatu. Baba yuko kazini, mgongo wa mama umechoka, na wakifika kituoni utingo anataka nauli ya kiti kama ya abiria wa pili. Ukiandaa mchezo, panga pia vijana wawili wenye nguvu wa kwenda kuwachukua watoto majumbani na kuwarudisha. Waonyeshwe kwanza na mzazi namna ya kumbeba mtoto. Hiyo ndiyo kadi ya mwaliko.

Gharama? Mikebe minane ya majani ya chai, mihuri ya kuchonga kwa kifutio, madaftari ya bei ya chini. Tulitumia pesa ambazo mtu hutumia kwa chakula cha mchana cha watu wawili mjini. Kilichotugharimu zaidi ni kufikiri.

Tuliurudia mchezo Desemba. Safari hii hatukuenda nyuma ya matangi. Tulitumia ua wa majengo, sehemu ya maegesho na njia ya lami inayoelekea langoni. Mtoto wetu, kidonda kikiwa kimepona, aliteremshwa na vijana wawili. Alikunywa maji. Mapumziko yalipofika alijiinua kwenye kiti bila kukumbushwa, kisha akaondoka kasi hata mamake akapiga ukelele.

Hakushinda. Alipata mikebe sita kati ya minane na kuwa wa nne. Fumbo la saba lilimpoteza, akazunguka benchi lile lile mara tatu bila kuinama kutazama chini yake. Jioni alinijia amekunja uso, akaniambia kwamba fumbo langu halikuwa la haki na kwamba mara nyingine yeye ndiye atakayeficha, nione.

Katika miaka yangu yote ya udaktari, ni mara chache nimefurahi hivyo kulaumiwa na mgonjwa. Alikuwa amekasirika kama anavyokasirika mtoto yeyote aliyeshindwa mchezo. Na masweta ya wenzake? Yalikuwa yametundikwa kwenye ua.

Msomaji, likizo nyingine haiko mbali. Kanisani kwako, msikitini kwako, shuleni, au katika ua wa jengo lenu, kutakuwa na siku ya michezo. Kabla hamjaanza, tazama langoni. Kama kuna mtoto ameshika masweta, simamisheni mchezo muupange upya.